Saa ya ndege ya vita au geji ya trekta? Namna ya kutambua na kutunza vifaa vya zamani vinavyookotwa Kilosa na Mikumi

Jembe la trekta likifukua kitu cha shaba chenye kioo, mshale na namba, kijijini majibu huwa tayari. Mmoja atasema ni mali ya Mjerumani. Mwingine atasema ndani yake kuna zebaki ya mamilioni. Wa tatu ana mizani na anataka kukinunua kwa kilo. Mara nyingi wote watatu wamekosea, ingawa huyu wa mwisho angalau analipa.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutambua kama kitu ulichookota kilitoka kwenye chumba cha rubani cha ndege ya zamani ya kivita, namna ya kukitunza na hatari zake. Hata kama huna muda wa kusoma yote, shika mambo mawili: usivunje kioo chake, na usikisugue. Sababu zake zipo hapo chini, na ya kwanza inahusu afya ya watoto wako.

Ndege za vita zilifikaje huku?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na ndege moja tu katika koloni lote. Ilikuwa ya rubani Bruno Büchner, aliyefika Dar es Salaam kwa maonyesho, vita ikamkuta hapo hapo. Mwezi Novemba 1917 Ujerumani ilijaribu kutuma msaada kwa puto kubwa la Zeppelin lililoitwa L59, kutoka Bulgaria. Lilifika hadi anga ya Sudan likaagizwa kurudi. Kwa hiyo hadithi za "ndege ya Mjerumani iliyoanguka porini" zina mashaka tangu mwanzo. Kama ni ndege ya vita ile, karibu hakika ilikuwa ya Mwingereza.

Waingereza walikuwa nazo kadhaa. Kikosi cha anga namba 26, ambacho wengi wa askari wake walitoka Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa mapema mwaka 1916. Kilitumia ndege aina ya B.E.2c na Henri Farman kufuata majeshi ya Jenerali Smuts, na Morogoro ilipokamatwa mwezi Agosti mwaka huo, kikaendesha shughuli zake kutoka huko. Wakati huo huo jeshi la Jenerali Van Deventer lilikuwa likitoka Dodoma kufuata reli. Liliingia Mpwapwa tarehe 12 Agosti na Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, kisha likaelekea kusini kupitia Ulaya hadi Kidodi. Nyuma yake walikuwa wapagazi, maelfu kwa maelfu ya vijana wa vijijini, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Ndege za wakati huo zilikuwa dhaifu. Umbo lake lilikuwa la mbao na kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, na injini ya B.E.2c ilikuwa na nguvu ya farasi 90 hivi, ambayo ni sawa na gari dogo la leo. Zilianguka mara kwa mara bila kupigwa na adui. Leo Walmsley, mwangalizi wa kikosi namba 26 ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920 maisha ya kuruka na kuanguka katika mapori yetu.

Hapa ndipo ilipo siri ya kutambua. Ndege ya mbao na kitambaa ikianguka bondeni mwa Mkata, mchwa na moto wa nyika huimaliza katika miaka michache. Kinachobaki ni chuma cha injini, nyaya za kukazia mabawa, na vile vifaa vidogo vya shaba na kioo vilivyokuwa mbele ya rubani. Kwa hiyo usitegemee kukuta ndege nzima. Utakuta saa moja, au kipande cha dira, au koki ya petroli.

Mbele ya rubani kulikuwa na nini?

B.E.2c ilikuwa na viti viwili: mwangalizi alikaa mbele, rubani nyuma yake. Rubani alikuwa na fimbo ya kuongozea katikati ya magoti na ubao wa mbao wenye vifaa vichache mbele yake. Tutavitaja kwa namna utakavyovikuta shambani.

Dira ni bakuli la shaba lenye kioo, na ndani yake kuna kisahani chenye namba za nyuzi kutoka 0 hadi 360, au namba zilizofupishwa. Bakuli lilijazwa spiriti ili kisahani kisicheze ovyo. Kama bado kuna maji maji ndani, si ya kunywa na si dawa. Usikaribishe sumaku kwenye dira, maana utaiharibu.

Altimita, yaani saa ya kupima kimo, ndiyo inayochanganya watu zaidi. Ina uso wa mviringo wenye namba za maelfu ya futi, na mara nyingi imeandikwa "FEET". Ndani hakuna mashine kama ya saa ya kawaida. Kuna kikopo chembamba kilichotolewa hewa, ambacho hutanuka hewa ya nje inapopungua uzito. Ndiyo maana altimita nzima, hata ya miaka mia, mshale wake husogea ukipanda nayo kutoka Kilosa kwenda juu kwenye milima ya Ukaguru. Geji ya mvuke haiwezi kufanya hivyo.

Kisha kuna kipima mwendo, chenye namba za maili au noti kwa saa na mdomo mmoja au miwili ya kuunganishia bomba jembamba la hewa nyuma yake. Kuna saa ya mizunguko ya injini, iliyoandikwa "REVS" au "R.P.M.", yenye tundu la waya wa kuzunguka. Kuna geji ya presha ya oili, swichi za umeme wa injini, na saa ya kawaida ya mfukoni iliyowekwa kwenye kishikio. Hiyo saa ya mfukoni ni ngumu kuitofautisha na ya mkuu wa stesheni ya reli, isipokuwa kwa alama za nyuma.

Majina ya viwanda vya Uingereza utakayoyaona kwenye nyuso za vifaa hivi ni pamoja na Short & Mason, Negretti & Zambra, Elliott Brothers na S. Smith & Sons. Lakini jina la kiwanda pekee si ushahidi. Smith alitengeneza saa za ndege, na pia alitengeneza geji za magari, Land Rover na matrekta kwa miaka mingi. Wengi wanaojua jina hilo wanakosea hapo.

Vitu vinavyofanana navyo, na kwa Kilosa ni vingi

Wilaya ya Kilosa ina historia ya mashine kuliko wengi wanavyofikiri. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walivunja madaraja na kuharibu vichwa vya treni. Kimamba, Rudewa na Msowero kulikuwa na mashamba ya mkonge yenye mitambo yake. Kila boila na kila kichwa cha treni ya mvuke kilikuwa na geji za shaba zenye kioo na mshale.

Geji ya mvuke ni nzito, ina bomba nene lenye nati chini yake, na uso wake umeandikwa "LBS PER SQ INCH" au kilo kwa sentimita ya mraba. Mara nyingi ina mstari mwekundu wa kuonyesha presha ya mwisho. Kifaa cha ndege ni chepesi, kwa sababu rahisi kabisa: kila gramu ilipunguza uwezo wa kuruka.

Chanzo cha pili ni Kongwa. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ambao ulikufa mwaka 1951. Kwa kukosa matrekta mapya, walileta vifaa vya kijeshi vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Baadhi ya vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mradi ulipofungwa, vyuma vyake vilisambaa, na kutoka Kongwa hadi Gairo na Kilosa si mbali. Ukiokota geji yenye alama ya kijeshi ya Kiingereza katika ukanda huo, dhana ya kwanza iwe ni mashine ya karanga, si ndege. Geji ya trekta husomeka "OIL", "AMPS" au "WATER". Ya kimo haimo, maana trekta halihitaji kujua liko futi ngapi juu.

Sumaku itakusaidia kwenye mabati na maganda (si kwenye dira, tumeshasema). Toa sumaku kwenye spika mbovu ya redio. Ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida. Isiponasa na kitu ni chepesi, ni aluminiamu, na hapo angalia mistari ya ribiti ndogo zilizopangwa kwa karibu: huo ni ufundi wa ndege. Lakini ndege ya aluminiamu si ya mwaka 1916. Ni ya baadaye, na inaweza kuwa ya raia.

Kusoma alama

Alama ya kwanza ya kutafuta inafanana na unyayo wa kuku: mistari mitatu inayokutana juu. Ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Iligongwa kwenye bunduki, sururu, mikebe, darubini na vifaa vya ndege, hivyo inakuambia mwenye mali tu, haikuambii kazi ya kitu.

Alama ya pili ni herufi A na M, mara nyingi zikiwa na taji juu yake. Hizo ni za Wizara ya Anga ya Uingereza, na wizara hiyo iliundwa mwaka 1918. Kwa hiyo kifaa chenye "A.M." hakikuwepo Kilosa ilipotekwa, hata babu akiapa. Kwa kawaida ni cha Vita Kuu ya Pili au baadaye. Kama karibu nayo kuna namba inayoanza na 6A, ni namba ya ghala kwa ajili ya vyombo vya kupimia vya ndege. Namba hiyo ni ushahidi mzuri kuliko hadithi yoyote. Iandike ilivyo, pamoja na mikwaju na nukta zake.

Ukikuta herufi za Kirusi au za Kichina, simama. Miaka ya 1970 Jeshi la Wananchi lilipata ndege za kivita kutoka China na Umoja wa Kisovieti, na mkoani kwetu kuna kambi ya anga ya Ngerengere. Kitu cha namna hiyo ni mali ya jeshi mpaka jeshi lenyewe liseme vingine, na hakuna mkusanyaji halali atakayekushauri ukifiche.

Saa inayong'aa gizani

Hili ndilo jambo lililotufanya tuandike makala hii. Ili rubani asome usiku, namba na mishale ya saa nyingi za ndege ilipakwa rangi yenye madini ya radiamu. Rangi hiyo ilianza kutumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikatumika sana katika ya Pili, na nchi nyingine ziliendelea nayo hadi miaka ya 1960. Radiamu hutoa mionzi.

Watu hudhani kama saa haing'ai tena basi imekufa. Si kweli. Kilichochoka ni kemikali inayogeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya mwaka 1916 bado ina zaidi ya asilimia 95 ya radiamu iliyowekwa kiwandani, hata kama ni nyeusi kama mkaa.

Kioo kikiwa kizima, hatari ni ndogo kwa mtu anayeishika mara moja na kuiweka. Hatari kubwa huja rangi inapomomonyoka na kuwa vumbi, vumbi likavutwa puani au likaingia mdomoni. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo kwenye saa walifundishwa kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu iliingia kwenye mifupa yao kama inavyoingia chokaa ya maziwa. Wengi walioza taya, na baadhi walikufa wakiwa bado vijana.

Angalia kama namba zimepakwa rangi nene, ya manjano iliyofifia, kahawia au iliyopasuka kama matope makavu. Ukiiona, chukulia kuwa ni radiamu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kwenye kopo lenye kifuniko. Iweke stoo ya nje, si chumba cha kulala na si karibu na chakula. Nawa mikono kwa sabuni. Programu za simu zinazodai kupima mionzi usizitegemee. Wenye vipimo ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na mtendaji wa kijiji anaweza kuwafikia kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kijana anayepasua saa hizo kwa nyundo ili atenganishe shaba na kioo apate kuuza skrepa, anavuta vumbi hilo kwa malipo ya nusu kilo ya shaba. Hesabu hiyo haimlipi hata kidogo.

Zebaki nyekundu haipo

Kuna watu wanaozunguka wakitafuta "zebaki nyekundu" kwenye redio za zamani, cherehani na saa za ndege. Mwaka 2009 uvumi huo ulienea Saudi Arabia, watu wakanunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu. Hakuna aliyepata kitu. Dawa hiyo ya utajiri haipo, wala katika altimita hamna. Tapeli hataki saa yako. Anataka pesa ya "kupima", kisha ya "dawa ya kuifungulia", kisha ya "nauli ya mnunuzi kutoka Dubai". Mchezo ni ule ule wa ramani za mali ya Mjerumani.

Vitu vya kutogusa kabisa

Ndege za mwaka 1916 zilibeba mabomu madogo ya ratili 20, yaani kilo 9 hivi, yanayoweza kubebwa kwa mkono mmoja. Bomu la zamani halipoi kwa kukaa ardhini, na baruti yake huweza kuwa nyepesi zaidi kulipuka. Ukiona kitu chenye umbo la tunguri la chuma, chenye mapezi nyuma, usikipige picha kwa karibu, usikiguse. Weka alama ya kitambaa mbali, zuia watoto na ng'ombe, piga simu polisi 112.

Kwenye ndege za jeti, kiti cha rubani chenyewe ni hatari. Kina baruti ya kumrusha nje ndege inapoanguka, na baruti hiyo inaweza kuwa bado hai baada ya ajali.

Mabaki ya ajali ya karibuni, hata ya ndege ndogo ya watalii, si vya kukusanya. Wachunguzi wa ajali huhitaji kila kifaa kibaki kilipoangukia, hata mshale ulivyosimama. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kuingia bila kibali ni kosa tosha kabla hujaokota chochote. Ukiwa mchungaji au mrina asali na umeona kitu mpakani, mwambie askari wa hifadhi.

Namna ya kuokota na kutunza

Baada ya kuhakikisha si bomu, piga picha kikiwa bado ardhini, kabla ya kukigusa. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane. Piga mbele, nyuma, na kila maandishi. Washa kipengele cha eneo kwenye simu ili picha ihifadhi mahali. Usiitume kwenye makundi ya WhatsApp, la sivyo kesho yake shamba lako litakuwa na mashimo kama limepitiwa na ngiri.

Kisha andika kwenye karatasi: tarehe, kitongoji, shamba la nani, kina cha ardhi, nani aliyeona, na wazee wa hapo wanasemaje kuhusu eneo hilo. Karatasi hii ndiyo thamani ya kitu. Altimita isiyo na historia ni moja kati ya maelfu duniani. Altimita iliyotoka shamba fulani karibu na Ulaya, palipopita jeshi la Van Deventer, ni kitu ambacho makumbusho itapenda kukizungumzia.

Usisugue kwa mchanga, majivu, limau, waya wala dawa ya kung'arishia shaba. Kutu ya kijani inalinda shaba iliyo chini yake, na herufi zilizogongwa miaka mia iliyopita ni nyembamba kuliko unavyodhani. Udongo mkavu ondoa kwa brashi laini, isipokuwa kwenye uso wenye rangi ya radiamu, huo uache. Usipake oili. Funga kwa kitambaa cha pamba kilicho kikavu.

Ukitaka kulinganisha, tafuta kwenye simu picha za B.E.2c ya Imperial War Museum ya Uingereza. Ni ndege halisi ya aina iliyoruka Morogoro.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kuhamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Vifaa vya ndege ni vya baadaye, lakini Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kuwa cha kulindwa. Kuchimba kwa makusudi ili kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni. Kukuta kitu ukilima si kosa. Kurudi usiku na sururu ukachimba uwanja mzima ni jambo jingine. Na mgeni anayetaka kukinunua ili akipeleke nje ya nchi, mwambie akuonyeshe kwanza barua ya Idara ya Mambo ya Kale.

Anza na mtendaji wa kijiji, kisha ofisa utamaduni wa wilaya. Anaweza kuwasiliana na Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Unapokabidhi kitu, omba hati yenye muhuri inayotaja jina lako, kitu chenyewe, namba zilizogongwa juu yake na mahali kilipookotwa, na ubaki na nakala pamoja na picha zako.